Klia imekuwa kioo, nataka mng'aro upungue ila sitaki mati. Mnafanyaje?

Gurudumu24
Wakuu habari za mezani. Nina modeli ya gari la mashindano la miaka ya 60, skeli 1/24, bodi nyekundu. Nimepiga TS-13, ile klia (vanishi isiyo na rangi) ya kung'aa ya kopo ya Tamiya, juu ya dekali (zile chapa za kubandika), makoti mepesi kwanza afu moja zito la kumalizia, imekauka vizuri, hakuna vumbi, hakuna michirizi, yaani kiufundi sina malalamiko. Shida ndo hiyo sasa, imekuwa kioo. Nikiiweka karibu na dirisha naona fremu nzima ya dirisha kwenye boneti, mpaka komeo lake, na ukipiga picha jicho linakimbilia lile dirisha badala ya gari. Nikilinganisha na picha za zamani za magari yenyewe, yalikuwa yanang'aa ndio, ila mng'aro umetulia, hauchomi.

Sitaki mati, ile isiyong'aa kabisa. Nasema mapema maana najua kuna mtu anakuja kuniambia piga mati. Nataka ile ya katikati, gari lililopakwa rangi likafutwa kwa kitambaa likaingia barabarani. Nina eabrashi (kile kibomba cha kupulizia rangi), nina makopo, nina msasa wa kila namba. Niambieni mnapitia wapi.

kijiti_88
Piga TS-80 mkuu umalize kesi

Gurudumu24
😂😂 si nilisema. Asante kijiti, wewe na mati yako.

MzeeWaMsasa
Ngoja tuanzie chini kidogo, maana ukishaelewa kinachofanya klia ing'ae hauhitaji kukariri namba za makopo.

Kung'aa hakumo ndani ya klia, kupo kwenye uso wake. Uso ukiwa laini kabisa, mwanga unaogonga pale unarudi wote kwa pamoja upande mmoja, ndo maana fremu ya dirisha lako inajichora na komeo lake. Uso ukiwa na vinundu vidogo vidogo ambavyo jicho haliwezi hata kuviona, mwanga uleule unatawanyika huku na huku na ile picha ya dirisha inavunjika. Kwa hiyo klia ya mati na klia ya glosi, yaani ya kung'aa, kimsingi ni ndugu, tofauti ni kwamba ya mati imetiwa unga, mara nyingi ni silika laini sana, chembe za maikroni chache tu. Klia ikikauka inasinyaa, zile chembe zinabaki zimeuinua uso, basi habari imeisha. Ukiliona hivyo utagundua kati ya glosi na mati hakuna ukuta, kuna unga kidogo na unga mwingi, na unayeamua usimame wapi ni wewe sio kiwanda.

Njia ya pili ni kuvitengeneza vile vinundu kwa kukwaruza. Hiyo nitairudia maana ndo ninayoipenda.

Ila kabla hujashika chochote, angalia unene. Watu wengi wanaosema "inang'aa sana" ukiangalia vizuri tatizo lao nusu ni klia nene. Klia ya gari halisi ina kama maikroni 40 mpaka 60. Sasa zidisha kwa 24, unapata milimita moja hivi na zaidi. Yaani ukipuliza kwenye modeli unene uleule wa gari halisi, umeivalisha gari klia ya milimita nzima. Kona zinakuwa za mviringo, mistari ya milango inajaa, maandishi madogo yanazama, na jicho linajua kuna kitu hakiko sawa hata kama mwenye jicho hawezi kukitaja. Hapo hata ukishusha mng'aro bado itaonekana imechovywa. Hebu angalia mstari wa mlango wako, chini yake bado kuna kivuli kikali au kuna ukingo laini unaong'aa?

Gurudumu24
Mzee nimeangalia kwa lenzi. Mistari ya milango iko poa, niliichimba zaidi kabla ya prima. Kwenye boneti kuna grili ndogo ya hewa, pale ndo imejaa kidogo.

MzeeWaMsasa
Basi unene wako si mbaya. Ile grili weka uloshi mweusi kidogo, ile rangi nyepesi ya kuingia kwenye mifereji, itarudi.

Na lile suala la picha za zamani, uko sahihi. Magari ya wakati ule rangi ilikuwa ya mfumo mmoja, rangi na mng'aro humo humo, juu hakuna klia. Huu mtindo wa rangi chini na klia juu umekuja kuenea baadaye. Afu kuna umbali. Modeli ya 1/24 ukiishika sentimita 30 toka usoni ni sawa na kusimama mita 7.2 toka kwenye gari lenyewe. Ya 1/48 ni mita 14.4, ya 1/72 ni mita 21.6. Kwa umbali huo hata gari lililopigwa polishi jana huoni komeo la dirisha kwenye boneti lake.

DadaVanishi
Nashuka hapa kwa upande wa kuchanganya, Mzee atamalizia na misasa yake.

Kwa eabrashi usinunue chupa ya mati ukaipuliza kama ilivyo, changanya. Tamiya kwenye akriliki wana X-22 ya glosi, X-35 ya nusu mng'aro na XF-86 ya mati, na zote zinaelewana kikombe kimoja. Kwenye laka kuna LP-9, LP-24 na LP-23 kwa mpangilio huohuo. Mi sichanganyi familia mbili, akriliki na akriliki, laka na laka. Kwa gari lako ningeanza na X-22 nusu, X-35 nusu. Ukiona bado inang'aa ongeza X-35. Ukitaka kwenda na XF-86 badala ya X-35, nenda kidogo kidogo, sehemu nane za glosi kwa moja ya mati, maana ile ina unga mwingi na inashusha haraka kuliko unavyofikiria.

Kuna watu watakuambia X-21. Ile sio klia, ile ni unga wenyewe kwenye chupa, kazi yake ni kutiwa ndani ya rangi ya glosi iwe mati. Ukiipuliza peke yake inakauka nyeupe umeumia. Ukitaka kuitumia tumia matone, mi sizidishi moja kwa kumi. Wale wazee waliokuwa wanapaka ile polishi ya sakafu ya Future, Uingereza ikiitwa Klear, ndo walikuwa wanaitia X-21 wapate mng'aro wanaoutaka na ilikuwa inakubali kweli, siku hizi kuipata ile ya zamani ni bahati.

Sasa hapa pa muhimu. USIJARIBU KWENYE GARI. Chukua vijiko vya plastiki, prima ileile, nyekundu ileile, TS-13 ileile. Kila kijiko mchanganyiko wake, andika nyuma ya mpini kwa makapeni. Kijiko kina mgongo uliobinuka hivyo unaona mng'aro kwenye mkunjo kama kwenye fenda, kipande bapa cha plastiki kitakudanganya. Acha vikauke usiku mzima, usihukumu vikiwa vibichi maana klia yenye unga ikiwa mbichi inang'aa kama glosi, inafifia inavyokauka, na hapo ndo watu wengi wanaongeza unga bure.

Kuvisoma ni rahisi. Washa taa moja, shika kijiko usawa wa kidevu, tafuta taa kwenye mgongo wake. Ukiona balbu na ukingo wake umekatika safi, hiyo ni glosi. Ukiona doa la mwanga ambalo katikati ni kali afu pembeni linayeyuka, huko ndo unakotaka wewe. Ukiona weupe tu umesambaa huwezi kusema taa iko wapi, hiyo umeshaingia kwa kijiti_88.

kijiti_88
Mnanionea jamani

Gurudumu24
Dada hii ya vijiko nimeipenda. Swali, unakoroga vipi? Nina X-35 hapa nikiitikisa naona imechanganyika lakini matokeo leo hivi kesho vile.

DadaVanishi
Ndo ugonjwa wenyewe huo. Silika inazama chini, inajenga kama tope zito kwenye sakafu ya chupa, na ukitikisa juu juu unapuliza klia iliyo juu ambayo haina unga wa kutosha. Siku ya kwanza inatoka inang'aa, chupa ikifika nusu inatoka mati, mwisho wa chupa ni chokaa. Ingiza kijiti mpaka chini, kwangua ile sakafu, koroga taratibu mpaka kijiti kikipita chini hakigusi kitu. Taratibu, usiingize mapovu. Afu mchanganyiko ukiwa kwenye kikombe cha eabrashi nao unazama, ukisimama kupiga stori urudishe hewa kidogo kwenye kikombe kabla ya kuendelea.

Nozo ya 0.3 au 0.4, ya 0.2 inaziba kwa unga. Presha mi natumia kama bar 1. Na thina usibane, X-22 na wenzake wakipulizwa na X-20A, thina yao wenyewe, wanatulia, na laka thina wanatulia zaidi ila ina nguvu, nenda mepesi juu ya dekali.

NgaoYaKijivu
Mi ni wa ndege ila ngoja niongezee kitu maana naona uzi umeelemea magari. Kwenye ndege za kijeshi hili suala la mng'aro halikuwa la kubahatisha, lilikuwa limeandikwa. Ule mfumo wa rangi wa Marekani, Federal Standard 595 wa mwaka 1956, kila rangi ina namba ya tarakimu tano na ile ya kwanza ndo mng'aro, 1 ni glosi, 2 ni nusu, 3 ni mati. Nyeusi 17038 na 37038 ni nyeusi ileile, moja inang'aa nyingine imekufa. Kwa hiyo ukiona maelekezo ya modeli yameandika 36375 huna haja ya kuuliza mtandaoni imalizwe na nini, tarakimu imeshasema.

Na wale wanaodhani kijeshi maana yake mati siku zote, waiangalie P-61, ndege ya Marekani ya kupigana usiku. Walikuta nyeusi ya kung'aa inajificha vizuri zaidi kwenye mwanga wa kurunzi za kutafutia ndege kuliko nyeusi ya mati, kwa sababu ileile aliyosema Mzee, ya glosi inautupa mwanga wote upande mmoja na mara nyingi sio upande wa anayekuangalia, ya mati inautawanya na sehemu yake inamrudia. Toka 1944 zikawa zinatoka kiwandani na nyeusi ya glosi. Meli za kubeba ndege nazo mwaka huohuo ndege zake zikaanza kupakwa bluu ya bahari ya glosi nzima, wakati mwaka mmoja nyuma zilikuwa na bluu za mati na nusu mng'aro. Sasa mtu anajenga Hellcat, ndege ya meli hizohizo, ya 1945 anaipiga mati ya kufa, anasema "ni ya vita hii".

Ila hata hizo za glosi mi sizimalizi na glosi ya chupa. Kwa 1/48 naenda nusu mng'aro, kwa 1/72 nashusha zaidi. Skeli ikipungua na mng'aro nao upungue.

mpya_mezani
Samahani wakuu naingilia kidogo. Mi nimepiga mati kwenye ndege ya kijani iliyokolea, pale mabawa yanapokutana na mwili imetoka ukungu mweupe. Nifute? Nianze upya? Nimekata tamaa.

MzeeWaMsasa
Usikate tamaa na usifute. Weupe una asili tatu na kila moja na dawa yake, kwa hiyo tuulizane kwanza.

Pitisha kidole kikavu pale. Kikitoka na unga, hiyo ni klia iliyokauka hewani kabla ya kufika, ulikuwa mbali au presha kubwa, na kwenye kona hewa inazunguka inarudisha vumbi lilelile. Futa na brashi laini, kona zipige kwanza kwa karibu na presha ndogo.

Kidole kikitoka safi na weupe umekusanyika kwenye kona tu, sehemu klia ilipotuama, huo ni unga wa silika umejaa. Piga koti jembamba la glosi juu. Glosi inajaza vile vinundu, weupe unapotea mbele ya macho yako, afu ikikauka unarudia na mati yenye unga mdogo. Hapo usiongeze mati juu ya weupe ukidhani utaufunika, unauongeza.

Ya tatu ni unyevu. Weupe umetanda eneo kubwa, sio kona tu, na ulitokea dakika chache baada ya kupuliza. Laka inapokauka inaupoza uso, mvuke wa hewani unaganda pale, maji yananasa ndani ya klia. Hiyo pulizia ukungu mwembamba wa thina yenye ritada (ya kuchelewesha kukauka) inayeyusha uso maji yatoke, na siku ya mvua tafuta kazi nyingine ya mezani.

mpya_mezani
Kidole safi, ni kona tu. Nimepiga X-22 nyembamba, imepotea kweli!! Mzee ubarikiwe

MzeeWaMsasa
Safi. Na kwa rangi iliyokolea tegemea mati kuifanya ipauke kidogo hata ukipatia kila kitu, ule mwanga unaotawanyika unaongeza weupe juu ya rangi. Nyeusi inakuwa kijivu, kijani kinapoteza nguvu. Kwenye nyekundu ya Gurudumu pia itakuwepo, ndo sababu nyingine ya vijiko kuwa na rangi ileile.

Haya, misasa. Gurudumu klia yako imeshakauka na iko laini, mi nisingepuliza kitu kingine juu. Kila koti unaloongeza ni unene. Ningeshusha mng'aro kwa mkono. Ipe muda wa kutosha kwanza, ukiinusa hausikii harufu ya thina tena. Chukua vile vitambaa vya msasa vya sponji, anza namba za juu kabisa, 6000 au 8000, na maji yenye tone la sabuni, bila kukandamiza, kidole kiende kwa mstari mmoja kufuata urefu wa gari, sio kuzunguka. Ukizunguka unaacha miduara ambayo chini ya taa inaonekana yote. Boneti itafifia iwe na utando. Afu hapo ndo mchezo ulipo, usipande mpaka kompaundi (krimu ya kung'arishia) laini ya mwisho kama unavyofanya ukitafuta kioo. Pita na kompaundi ya katikati mara moja mbili, simama, angalia. Utaona mng'aro unarudi taratibu kwa chini, unakuja kwanza kama hariri. Ukifika unapopataka unaacha. Kinachobaki ni mikwaruzo midogo mno inayovunja lile dirisha lako.

Uzuri wake ni kwamba unaendesha mwenyewe. Klia ikishatoka kwenye nozo imetoka.

DadaVanishi
Uzuri upo Mzee ila sema na ubaya. Kona za fenda na ukingo wa milango klia ni nyembamba siku zote, pita mara mbili tatu umefika kwenye nyekundu, na ukifika kwenye dekali umeisha. Na yeye dekali ziko chini ya makoti machache tu. Mi gari lenye namba na mistari ya dekali siligusi na msasa, napuliza. Koti moja la mchanganyiko linaongeza unene mdogo sana ukilichanganya jembamba.

MzeeWaMsasa
Kona unafunika na tepu, unazimalizia mwisho na kompaundi tu. Dekali nakubali, zenye makoti machache juu yake ni hatari. Bodi isiyo na dekali msasa, yenye dekali Dada.

kijiti_88
Kwani picha tu si unaweka filta ya polaraizi kwenye kamera, dirisha linapotea, huna haja ya kusumbua gari

NgaoYaKijivu
Inapunguza kwa pembe fulani, boneti inatulia mlango unabaki unawaka. Na gari likiwa kwenye kabati utamvalisha kila mgeni filta?

Gurudumu24
😂 Haya nimeamua kupuliza, dekali zinanitisha. Nina wasiwasi mmoja, kingo za utando wa dekali bado naziona kidogo ukiinamisha. Nikishusha mng'aro zitaonekana zaidi au zitajificha?

DadaVanishi
Kama ni ngazi tu, yaani unene wa utando, zitajificha kidogo maana mwanga haurudi kwa ukali tena pale ukingoni. Ila kama chini ya dekali kuna ule weupe wa fedha, hewa imenasa, hiyo klia yoyote haiondoi, iwe mati iwe glosi. Ndo maana dekali inawekwa juu ya uso wa glosi, uso wenye vinundu unaacha vishimo vya hewa chini ya utando. Uloshi nao ufanye sasa hivi kabla ya kushusha mng'aro, ukiupiga juu ya mati unanasa kila mahali na haufutiki safi. Ile grili yako ya boneti imalize leo.

mama_skeli
Mi sina eabrashi, makopo tu. Kuna njia?

DadaVanishi
Ipo. TS-79 ni nusu mng'aro, juu ya TS-13 inakubali. Kopo lichovye kwenye maji ya vuguvugu, VUGUVUGU sio ya moto, kopo lina presha lile, afu litikise mpaka mkono uchoke sababu unga uko chini ya kopo na huwezi kuingiza kijiti. Pulizia kijiko kwanza, kila siku ya kupuliza. Na hapa kuna kaujanja, mng'aro wa kopo unaurekebisha kwa jinsi unavyopuliza. Ukipuliza bichi, karibu, klia inatulia na inabaki na mng'aro zaidi. Ukirudi nyuma kidogo ukapiga ukungu mwepesi, inakauka na vinundu vingi zaidi, inashuka. Usirudi nyuma sana tu, utapata unga aliouelezea Mzee. Kwa TS zote koti la kwanza juu ya dekali liwe ukungu, lile la kubichisha mara moja linaweza kuzikunja.

NgaoYaKijivu
Na chini iwe imekauka kweli. Laka juu ya rangi ya enameli ambayo haijakomaa inakunjamana, hiyo haina dawa zaidi ya kubandua.

fundi_2K
Hamjazungumzia klia za magari halisi, za sehemu mbili, klia na hadina ya kuigandisha. Zina nusu mng'aro pia na zinakuwa ngumu, mafuta ya modeli za kuendeshwa kwa rimoti hayazigusi.

MzeeWaMsasa
Zipo na ni nzuri, ila hadina yake ina aisosayaneti, kemikali ya hatari ukiivuta, hiyo sio ya kupuliza chumbani na kibarakoa cha kitambaa. Mtu asiye na vifaa vya kupumulia vinavyofaa na sehemu yenye feni ya kutoa hewa nje aachane nayo. Kwa modeli ya kukaa kabatini sioni sababu.

Kitu kingine Gurudumu, usishushe gari zima kwa mng'aro mmoja. Hapo ndo watu wanapotea, wanatoka kwenye kioo kizima wanaingia kwenye nusu mng'aro nzima, na gari linabaki toi vilevile. Bodi iwe hiyo hariri unayoitafuta. Tairi ziwe mati, ila sehemu inayogusa barabara iwe mati zaidi ya ubavu. Dashibodi mati. Viti vya ngozi mati yenye mng'aro kidogo pale mtu anapokalia na kuegemea, unaweza kupata kwa kusugua na kidole tu. Vioo na taa glosi kamili, zifunike kabla ya kupuliza chochote chenye unga maana ukungu kwenye kioo hautoki kirahisi. Bodi ikiwa imezungukwa na vitu vilivyokufa zaidi yake na vioo vinavyong'aa zaidi yake, inatulia yenyewe na pengine utakuta hauhitaji kuishusha sana.

Gurudumu24
Wakuu nimerudi. Vijiko vimekauka. Nusu kwa nusu bado naona balbu, ukingo wake umeanza kulegea lakini ipo. X-22 moja kwa X-35 mbili ndo yenyewe, doa limeyeyuka pembeni, nyekundu haijapauka. Ile nane kwa moja ya XF-86 nayo imefika karibu na hapo hapo ila nyekundu imepauka kidogo nikiziweka pamoja. Nilijaribu na nne kwa moja kwa ubishi tu, hiyo ni ya kijiti.

Cha ajabu nikikilaza kijiko nikakiangalia kwa ubapa, karibu sawa na meza, hata ile iliyofifia inawaka. Ni kawaida?

MzeeWaMsasa
Kawaida. Ukiangalia kwa ubapa uso wowote unarudisha mwanga zaidi na vile vinundu vinakuwa kama vimefichana. Ndo maana hata wanaopima mng'aro kwa mashine wana pembe tatu, nyuzi 20 kwa vitu vinavyong'aa sana, 60 kwa vya kawaida, 85 kwa vya mati. Wewe hukumu kwa pembe ambayo gari litaangaliwa likiwa kabatini, kwa juu kidogo.

Gurudumu24
Sawa. Basi kesho napuliza moja kwa mbili. La mwisho, nitaishikaje baadaye? Nimesikia mati ikishikwashikwa inaanza kung'aa.

DadaVanishi
Kweli, kidole kinavilaza vile vinundu na mafuta yanajaza vilivyobaki. Nusu mng'aro inavumilia kuliko mati ila ishike kwa magurudumu, au vaa glavu. Vumbi toa kwa brashi laini, usifute na kitambaa kikavu, na polishi ya gari au nta usiguse kabisa, inajaza vinundu na umerudi dirishani. Sehemu ikishang'aa, paoshe na maji yenye sabuni kidogo, pakikauka pulizia ukungu wa mchanganyiko uleule. Kwa hiyo usimwage uliobaki, tia kwenye kichupa, andika moja kwa mbili juu yake, na ukiutoa tena koroga mpaka chini.

Gurudumu24
Kichupa ninacho. Picha nitaweka hapahapa ikikauka.

kijiti_88
Na kile kijiko cha nne kwa moja usikitupe, nakihitaji mimi